Umejiajiri na ritani ya KRA inakusumbua? Fuata njia hii

Ikifika Juni, foleni za saiba katika miji ya Kenya hurefuka. Mpiga picha wa harusi, mtafsiri, mchora nembo, fundi wa sola, mwandishi anayefanyia kazi mitandaoni, wote wameshika kitambulisho mkononi na ombi ni lile lile: "Nifailie tu nil." Kijana wa saiba anabofya mara chache, anachapisha karatasi, anapokea hela yake, anaita anayefuata.

Wengi wa watu hao walipata hela mwaka uliopita, na Mamlaka ya Ushuru Kenya (KRA) tayari ina karatasi zinazosema hivyo. Kampuni iliyokulipa ilikata asilimia 5 ikaipeleka KRA kwa PIN yako, yaani nambari yako ya ushuru. Duka ulikonunua laptopu lilitoa ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, yenye PIN yako. Ukituma ritani ya nil, yaani fomu inayosema hukupata chochote, juu ya karatasi hizo, umejiandikia barua ya kuulizwa maswali. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzii kwenye fomu. Unaanzia kwenye kile KRA inachokijua kukuhusu, kisha unajaza fomu ikubaliane nacho, au ueleze kwa nini haikubaliani.

Tarehe ya mwisho ya ritani ya mtu binafsi ni 30 Juni, kwa mapato ya Januari hadi Desemba ya mwaka uliotangulia. Ukianza Februari au Machi utafanya kazi hii kwa utulivu. Wiki ya mwisho ya Juni iTax, mfumo wa KRA wa kutuma ritani mtandaoni, huwa nzito kama lori la mawe, na kila mtu unayetaka kumuuliza jambo ana watu wengine kumi wanaomuuliza.

Hatua ya kwanza: ingia mwenyewe utazame

Ingia iTax kwa PIN yako, ile inayoanza na herufi A, na nywila yako mwenyewe. Ukigundua huijui nywila, na barua pepe iliyosajiliwa ni ya saiba fulani ya miaka mingi iliyopita, hilo ndilo tatizo la kwanza kulitatua. Kila notisi ya KRA, kila madai na kila kiungo cha kubadilisha nywila huenda kwenye barua pepe hiyo. Nenda afisi ya KRA au Huduma Centre na kitambulisho chako halisi, uombe barua pepe na nambari ya simu zibadilishwe ziwe zako. Usimwachie mtu mwingine kazi hii hata kama ni rafiki.

Ukishaingia, angalia vitu vitatu kabla ya kingine chochote.

Cha kwanza ni orodha ya aina za ushuru ulizosajiliwa. Mtu binafsi anayejiajiri kwa kawaida anahitaji moja tu, ushuru wa mapato wa mtu binafsi mkaazi. Ukikuta na VAT (ushuru wa ongezeko la thamani) au TOT (ushuru wa mauzo) ambazo hukumbuki kuziomba, usipuuze. Aina hizo zinadai ritani kila mwezi, hata kama hukuuza kitu, na faini zake zinaendelea kuhesabiwa wewe ukiwa umelala. Tutarudi hapo.

Cha pili ni vyeti vya ushuru wa zuio. Kila mteja aliyekukata ushuru alitakiwa kukuachia cheti ndani ya mfumo, chenye nambari, tarehe, kiasi chote cha malipo na kiasi kilichokatwa. Vipakue vyote vya mwaka mzima. Hivi ni pesa zako: kila shilingi iliyokatwa inapunguza ushuru utakaodaiwa mwishoni.

Cha tatu ni leja, yaani daftari la hesabu kati yako na KRA. Humo ndimo utakapokuta faini ya ritani ambayo hukuituma mwaka uliopita, malipo uliyofanya yakaandikwa mwaka usio wake, au salio lako ambalo hukujua lipo. Piga picha ya skrini ya leja hiyo siku unayoanza. Utaihitaji baadaye kuonyesha hali ilivyokuwa.

Hatua ya pili: jua ni ushuru gani unaokuhusu

Hapa watu wengi huchanganyikiwa kwa sababu ya TOT, ushuru wa mauzo. TOT inamhusu mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya mwaka yanazidi Sh1 milioni lakini hayazidi Sh25 milioni. Hulipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa asilimia ya mauzo yote bila kutoa gharama. Anayeuza nguo Gikomba au vipuri Kirinyaga Road huenda akawa humo. Lakini sheria imeondoa humo ada za kitaalamu, za usimamizi na za mafunzo, pamoja na mapato ya kodi ya nyumba. Kwa sheria ya ushuru wa mapato, ada za kitaalamu ni neno pana, linabeba ushauri, kazi za kiufundi na kazi za mkataba. Kwa hiyo mtafsiri, mhasibu, mbunifu wa tovuti na mshauri kwa kawaida wako kwenye ushuru wa mapato wa kila mwaka. Na hata aliye ndani ya TOT anaweza kumwandikia Kamishna wa KRA aombe kutoka, jambo la busara kwa mwenye gharama kubwa na faida nyembamba.

VAT ni lazima mauzo yako yanayotozwa VAT yakifika Sh5 milioni kwa mwaka. Chini ya hapo si lazima. Mteja akikuambia "lazima uwe na VAT ndio tukupe kazi," muulize kama anataka VAT au anataka ankara ya eTIMS. Mara nyingi anataka ankara. Asiye na VAT anaweza kujisajili eTIMS na kutoa ankara halali kwa simu au kompyuta bila kununua mashine.

Na kazi za nje? Ukiwa mkaazi wa Kenya, ukaifanya kazi ukiwa Kenya, malipo ya mteja wa Ujerumani au Marekani yanatozwa ushuru hapa, yawe yameingia kupitia benki, PayPal au M-Pesa. Kwamba mteja hana PIN ya Kenya hakubadilishi chochote.

Hatua ya tatu: andika mapato kabla ya makato

Fungua jedwali la kawaida: tarehe, mteja, nambari ya ankara, kiasi cha ankara, kilichokatwa, kilichoingia. Kisha toa taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima na taarifa za benki, upitie mstari kwa mstari. Pesa ya chama, mkopo wa rafiki na hela ya mama ya hospitali si mapato ya kazi, lakini ziandike pembeni na maelezo mafupi. Miaka miwili baadaye afisa akiuliza Sh60,000 za Agosti zilitoka wapi, hutakumbuka.

Kosa moja limeenea kiasi kwamba linastahili kusemwa polepole. Ulituma ankara ya Sh100,000. Mteja alikata asilimia 5, ukapokea Sh95,000. Mapato yako ni Sh100,000, si Sh95,000. Ile Sh5,000 ni ushuru uliokwishalipa kwa mkono wa mteja, na utaidai sehemu nyingine ya fomu. Ukiandika Sh95,000 na bado ukadai cheti cha Sh5,000, hesabu yako inagongana na cheti, kwa sababu cheti kinaonyesha malipo ya Sh100,000. Tangu 1 Januari 2026 KRA inalinganisha mapato na gharama zilizo kwenye ritani na rekodi za eTIMS, za ushuru wa zuio na za forodha, kuanzia ritani za mwaka wa 2025. Tofauti ya aina hii sasa inaonwa na kompyuta kabla ya mtu yeyote kuigusa.

Ushuru wa zuio hukatwa kwenye ada za kitaalamu malipo ya mwezi kutoka kwa mteja mmoja yakifika Sh24,000. Kwa ada nyingi za kitaalamu na za ushauri kiwango ni asilimia 5, na kwa ada za mkataba ni asilimia 3. Malipo ya watengenezaji wa maudhui mitandaoni nayo hukatwa asilimia 5 tangu sheria ya fedha ya 2023. Yote haya si ushuru wa mwisho. Nimewasikia watu wakisema, kwa kujiamini kabisa, "mimi nilishakatwa, sina la kufaili." Aliyekatwa ndiye mwenye sababu zaidi ya kufaili, maana hiyo ndiyo njia pekee ya kuzitumia hela hizo.

Ukifanya kazi kupitia jukwaa la nje linalochukua kamisheni yake, andika kiasi alicholipa mteja, kisha kamisheni iende kwenye gharama. Hifadhi taarifa ya jukwaa. Malipo ya dola yabadilishe kwa kiwango cha siku ulipolipwa, si kwa kiwango cha siku unayojaza fomu.

Hatua ya nne: gharama, na eTIMS iliyoharibu mazoea

Zamani ungeweza kuja na bahasha ya risiti za kila rangi. Tangu 1 Januari 2024, gharama isiyokuwa na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi kupunguza mapato. Kuna zilizosamehewa, kama vile mishahara, riba na ada za benki, tiketi za ndege, bidhaa ulizoagiza mwenyewe zikapitia forodha, na huduma za kampuni za nje zisizo na afisi Kenya. Nyingine zote, tangu karatasi za printa hadi matengenezo ya kamera, mwambie muuzaji aandike PIN yako kwenye ankara. Sema hivyo kabla ya kulipa. Ukishalipa, duka linakuwa na haraka na mtu wa kaunta ameshamwangalia mteja mwingine.

Fundi au mkulima mdogo asiye na eTIMS amekuwa kizuizi kikubwa. Sheria iliyobadilishwa Desemba 2024 imefungua mlango: muuzaji ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi Sh5 milioni, mnunuzi anaweza kumtolea ankara kwenye mfumo kwa niaba yake. Yeye anakubali tu. Tumia njia hiyo kwa dereva wa tuktuk anayekubebea vifaa kila wiki au seremala aliyekutengenezea meza ya kazi.

Laptopu haiingii yote kwa mwaka mmoja. Ni mali, na inapunguzwa kwa asilimia 25 kila mwaka. Laptopu ya Sh120,000 inakupa Sh30,000 mwaka huu. Kodi ya nyumba unayolala si gharama ya biashara. Kama chumba kimoja ni afisi kweli, chukua sehemu yake kwa kipimo unachoweza kukieleza, na uwe tayari kukieleza. Chakula cha mchana, nguo na karo ya watoto ni maisha yako, wacha zikae huko.

Michango ya SHA (bima ya afya ya serikali) unayolipa, na akiba ya uzeeni kwenye mfuko uliosajiliwa hadi Sh30,000 kwa mwezi, hupunguza mapato yanayotozwa. Watu waliojiajiri husahau hili kwa sababu hakuna mwajiri wa kuwakumbusha.

Hifadhi kila karatasi kwa miaka mitano. Picha ya simu inatosha mradi inasomeka, lakini ikae mahali ambapo simu ikiibwa Ijumaa usiku, haipotei nayo.

Hatua ya tano: piga hesabu kwa kalamu kwanza

Usiiachie fomu ikushangaze. Chukua mchoraji wa kidijitali wa Mombasa. Ankara zake za mwaka zilifika Sh1,080,000. Kati ya hizo, Sh600,000 zilitoka kampuni mbili za Nairobi zilizokata asilimia 5, jumla Sh30,000. Zilizobaki zilitoka kwa mteja wa nje asiyekata kitu. Gharama zake zenye ankara ni Sh312,000, kwa hiyo faida ni Sh768,000.

Viwango vya mwaka vilivyoanza Julai 2023 vinakwenda hivi: Sh288,000 za kwanza asilimia 10, Sh100,000 zinazofuata asilimia 25, na kuanzia hapo asilimia 30 hadi Sh6 milioni. Juu ya Sh6 milioni ni asilimia 32.5, na juu ya Sh9.6 milioni ni 35. Yeye basi ana Sh28,800, jumlisha Sh25,000, jumlisha asilimia 30 ya Sh380,000 zilizobaki ambayo ni Sh114,000. Jumla Sh167,800. Ondoa unafuu wa kila mkaazi, Sh28,800 kwa mwaka, inabaki Sh139,000. Ondoa Sh30,000 zilizokwishakatwa. Anadaiwa Sh109,000.

Tazama kitu kimoja hapo: ushuru wa Sh288,000 za kwanza ni Sh28,800, na unafuu ni kiasi hicho hicho. Aliyepata faida ya Sh288,000 au chini yake kwa mwaka hadaiwi ushuru wa mapato. Lakini bado anatuma ritani kamili inayoonyesha mapato na gharama zake. Ritani yenye ushuru wa sufuri na ritani ya nil ni vitu viwili tofauti. Nil inasema hukupata chochote. Na kama mtu huyo alikatwa Sh8,000 na wateja, ritani kamili ndiyo inayomwezesha kuzidai zirudi. Akifaili nil, amezitupa.

Hatua ya sita: fomu yenyewe

Kwenye iTax nenda "Returns" kisha "File Return", chagua ushuru wa mapato wa mtu binafsi mkaazi, upakue fomu ya Excel. Pakua mpya kila mwaka. Fomu ya mwaka jana uliyoihifadhi kwenye flashi itakataliwa. Inahitaji kompyuta yenye Excel kamili, kwa simu haifanyi kazi. Ikifunguka huku vitufe vyake havifanyi kitu, makro, zile programu ndogo zinazoendesha fomu, zimezuiwa: funga faili, bofya kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia "Properties", weka alama kwenye "Unblock", ufungue tena na ukubali makro.

Ukurasa wa kwanza una maswali ya ndiyo na la. Usiyajibu kwa haraka, kwa sababu majibu yako ndiyo yanayofungua kurasa nyingine. Ukisema huna mapato zaidi ya mshahara, ukurasa wa faida na hasara hautafunguka na utazunguka ukiutafuta. Kipindi kiwe tarehe 1 Januari hadi 31 Desemba ya mwaka unaofaili. Ukijaza mapato na gharama kwenye ukurasa wa faida na hasara, usiweke kila kitu kwenye mstari wa "gharama nyingine". Mstari huo ukiwa mnono kuliko mingine yote, ndio utakaoulizwa kwanza.

Vyeti vya ushuru wa zuio viandike kimoja kimoja: PIN ya aliyekata, nambari ya cheti, kiasi, tarehe. Nakili kutoka kwenye vyeti ulivyopakua, usiandike kwa kukumbuka. Kama ulilipa ushuru wa awamu (tutaueleza kwenye hatua ya saba) ndani ya mwaka, nao una ukurasa wake. Mwisho kuna ukurasa wa hesabu ya ushuru. Takwimu ya chini ikilingana na ya kalamu yako, uko sawa. Isipolingana, mara nyingi ni laptopu uliyoiweka nzima au cheti kilichokosa tarakimu moja.

Bofya kitufe cha kuhakiki. Fomu inakuorodheshea makosa, unayarekebisha, kisha inatengeneza faili ya zip. Hiyo zip ndiyo unayoipakia iTax. Usiifungue wala kubadilisha jina lake. Mfumo ukipokea utakupa karatasi ya kukiri yenye nambari. Ihifadhi pamoja na faili ya Excel, maana mwakani utataka kujua thamani iliyobaki ya ile laptopu.

Hatua ya saba: kulipa, na tarehe inayowanasa wengi

Tengeneza hati ya malipo ndani ya iTax, ukichagua aina ya ushuru na mwaka husika. Utapewa PRN, nambari ya kutambulisha malipo hayo. Kwa M-Pesa, nambari ya paybill ni 222222 na akaunti ni hiyo PRN. Ukichagua mwaka usio sahihi, pesa itaingia KRA salama lakini kwenye mwaka ambao hudaiwi, na mwaka unaodaiwa utaendelea kulia. Baada ya siku chache rudi kwenye leja uhakikishe. Na yeyote anayekutumia ujumbe ulipe ushuru kwenye nambari ya simu ya mtu, hata akijua jina lako kamili, ni tapeli.

Ritani ni 30 Juni, lakini salio la ushuru lilitakiwa kulipwa 30 Aprili. Wengi hulijua hili kwa kuliona kwenye leja. Yule mchoraji akilipa Sh109,000 zake mwishoni mwa Juni, anaongezewa faini ya asilimia 5 ya kuchelewa kulipa, Sh5,450, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, Sh1,090 kila mwezi. Kuchelewa kutuma ritani ni faini nyingine: asilimia 5 ya ushuru au Sh2,000, kubwa kati ya hizo mbili.

Kisha kuna ushuru wa awamu. Ushuru wako wa mwaka ukifika Sh40,000, unatakiwa kuulipa kwa vipande vinne wakati mwaka unaendelea: 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Desemba. Kila kipande ni robo, kwa makadirio ya mwaka huu au asilimia 110 ya ushuru wa mwaka uliopita, kidogo kati ya hizo. Kwa asiye na mshahara wa uhakika, njia ya asilimia 110 ndiyo rahisi, kwa sababu namba unaijua tayari na hakuna wa kukuuliza ulikadiria vipi. Ukitenga sehemu ya kila malipo siku yanapoingia, Desemba haitakukuta mikono mitupu.

Mambo yakiharibika

Mteja alikata, cheti hakionekani. Sheria inampa siku tano za kazi baada ya kukata kupeleka pesa hizo. Kabla ya kumgombeza, hakikisha PIN uliyoiandika kwenye ankara ni sahihi, maana herufi moja ikikosewa cheti chako kinakaa kwa mtu mwingine. Kisha waandikie watu wa hesabu, kwa ufupi na kwa maandishi:

"Habari ya asubuhi. Ankara yangu nambari 047 ya Sh80,000 mliilipa tarehe 14 Machi mkiwa mmekata Sh4,000 za ushuru wa zuio. Cheti bado hakijaonekana kwenye iTax yangu. PIN iko kwenye ankara niliyoambatisha. Naomba nambari ya cheti, au PRN mliyolipia, kabla sijafunga ritani. Asanteni."

Barua yenye nambari ya ankara, tarehe na kiasi hujibiwa. Ile inayosema "mmekula pesa yangu" husomwa na kupitwa.

Ulifaili nil ilhali ulipata hela. Rudi iTax, chagua kutuma ritani iliyorekebishwa ya mwaka huo, ujaze fomu kamili. Unaruhusiwa kurekebisha ndani ya miaka mitano. Utalipa ushuru na riba, lakini kujirekebisha mwenyewe ni tofauti sana na kukutwa.

Miaka imerundikana. Anza na wa zamani zaidi, uende ukipanda, kwa sababu salio la mwaka mmoja huhamia unaofuata. Usingoje msamaha. Ule uliofuta faini na riba za hadi mwisho wa 2023 ulifungwa 30 Juni 2025, na hakuna anayeweza kukuahidi mwingine. Tuma ritani zote kwanza hata kama huna pesa, maana faini ya kutotuma na faini ya kutolipa ni mbili tofauti na unaweza kuisimamisha moja leo. Kisha omba mpango wa malipo kwa awamu. Pendekeza kiasi unachoweza kweli. Ukiahidi Sh30,000 kwa mwezi ukashindwa mwezi wa pili, ombi lako linalofuata litasomwa kwa jicho lingine. Hii pia ndiyo njia ya mtu anayehitaji cheti cha kuzingatia ushuru, ile TCC ya miezi 12 ambayo wateja wakubwa huitaka kabla ya kusaini.

VAT au TOT usiyoihitaji. Tuma ritani za miezi yote iliyopita, hata za sufuri, halafu omba kuondolewa kwenye aina hiyo. Ukiomba kuondolewa kabla ya kusafisha miezi ya nyuma, ombi hukwama. Kwa VAT usilale: faini ya kila ritani iliyochelewa ni Sh10,000 au asilimia 5 ya ushuru, kubwa kati ya hizo, na mwaka mmoja wa kusahau ni Sh120,000 juu ya biashara ambayo huenda haikuuza kitu.

Mfumo umegoma. Piga picha ya skrini inayoonyesha saa na ujumbe wa hitilafu, utume barua pepe kwa KRA siku hiyo hiyo, hata kama hutajibiwa. Ombi la kufutiwa faini iliyotokana na hitilafu ya mfumo linahitaji ushahidi wa siku ile, na maneno ya "mtandao ulikuwa chini" hayatoshi.

KRA imekutumia tathmini usiyokubaliana nayo. Hapa saa inaanza kuhesabu. Una siku 30 tangu upokee notisi kuwasilisha pingamizi. Pingamizi linalosema "kiasi hiki si haki" halihesabiki. Taja mstari kwa mstari unachopinga, kiasi unachoona ni sahihi, sababu, na uambatishe karatasi: taarifa ya benki inayoonyesha kwamba zile Sh200,000 zilikuwa mkopo wa Sacco, au cheti cha zuio ambacho hakikuhesabiwa. Sehemu usiyoipinga ilipe. Ukichelewa kwa sababu ya ugonjwa au safari ya nje, unaweza kuomba kuongezewa muda, ukiwa na uthibitisho.

Kamishna ana siku 60 kuamua. Asipoamua ndani ya muda huo, sheria inachukulia pingamizi lako limekubaliwa, kwa hiyo hifadhi uthibitisho wa tarehe uliyoliwasilisha. Akikataa, una siku 30 kupeleka notisi ya rufaa kwenye Jopo la Rufaa za Ushuru, na siku 14 baada ya hapo kuwasilisha nyaraka za rufaa. Njiani unaweza kuomba mazungumzo ya maridhiano na KRA, na kesi nyingi za watu wadogo zinafaa kuishia hapo. Dai la Sh15,000 unaweza kuliandikia pingamizi mwenyewe jioni moja. Likiwa la mamilioni, tafuta wakala wa ushuru mwenye leseni kabla hujaandika sentensi ya kwanza, kwa sababu hoja usiyoiweka kwenye pingamizi ni ngumu kuiingiza mbele ya jopo.